Nywele zangu za singa zimenichosha, je, nitie pemu kabla ya kupamba?

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni msichana wa miaka 23, mkaazi wa Kibokoni, Mombasa. Nywele zangu ni za singa, nyeusi, nzito, zimefika kiunoni. Kila anayeziona hunisifu, lakini mimi mwenyewe nimezichoka. Zimelala tu. Nikizibana, kibanio kinateleza chenyewe. Nikizikunja kwa pasi ya nywele nyumbani, tuk-tuk haijafika ukumbini zimeshanyooka, nabaki na ncha mbili tatu zilizopinda huku na huku.

Binti ya ami yangu anaolewa mwezi huu wa mfungo mosi, zimebaki wiki tatu. Siku ya kupamba wayajua mwenyewe mambo yetu: wanawake watupu, mabuibui yanavuliwa mlangoni, na kichwa ambacho mwaka mzima kiko ndani ya ushungi ndiyo siku yake ya kuonekana. Safari hii nataka niingie na nywele za kujikunja.

Nimehifadhi picha kwenye simu. Msichana ana mikunjo kuanzia kwenye ngozi ya kichwa mpaka kiunoni, imejaa, inang'aa. Nikamwonyesha msusi mmoja hapa mjini, akaniambia bila kusita kwamba pemu, yaani dawa ya kukunja nywele zikae hivyo kwa miezi, itanipa hiyo hiyo, kazi ya nusu siku, shilingi 12,000. Nimeshaacha arubuni ya 3,000. Nafasi aliyonipa ni siku nne kabla ya kupamba.

Mamangu hataki kusikia. Asema nitaziunguza. Yeye ujanani alitia kalikiti, na mpaka leo ukimtajia anakunja uso. Nyanya naye ana lake: amenitia hina kichwani tangu nikiwa mdogo, kila baada ya miezi michache, na aona hayo ya dawa ni kuharibu kazi yake. Mwaka jana nilichoka na ule wekundu wa hina nikanunua hina nyeusi ya pakiti, nikaitia mara mbili. Na kwa Idi kubwa nilipaka ncha blichi, kama shubiri moja hivi, zikawa rangi ya asali. Msusi hakuniuliza hayo, nami sikuona haja ya kumwambia.

Binamu yangu, ambaye nywele zake ni za kipilipili, alicheka sana. "Sisi twalipa tupate zako, wewe walipa upate zetu." Nilicheka pia, lakini iliniingia.

Sasa nauliza. Pemu yakaa muda gani? Nikiamka asubuhi, nitikise kichwa niende zangu kazini? Nisipoipenda naweza kuziosha zikarudi zilivyokuwa? Na hiyo hina, ina neno?

Mwenye Singa, Mombasa

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu.

Nianze na lililo karibu, maana wiki tatu si nyingi: pemu kabla ya kupamba, usitie. Sisemi pemu ni mbaya. Naitia watu, na imo katika riziki yangu. Ila pemu ya siku nne haijatulia. Dawa yake ina harufu ambayo hurudi kila kichwa kikitoka jasho, na ukumbi wa kupamba unavyokuwa na joto, wewe wajua. Mikunjo ya siku za mwanzo huwa imekaza kuliko itakavyokuwa baadaye. Na wewe mwenyewe utakuwa hujajua kuzishika nywele hizo mpya. Likiharibika jambo, hakuna muda wa kulitengeneza. Anayetaka pemu kwa ajili ya shughuli aitie mwezi na nusu kabla, hapo ndipo ajue amepata nini. Wewe muda huo huna, na kwa yale yaliyokwisha kupita kichwani mwako, hata ungekuwa nao ningekuzuia kwanza.

Tuje kwenye picha. Mikunjo inayoanza kwenye ngozi ikashuka mpaka kiunoni kwa ukubwa ule ule, ama mtu amezaliwa nayo, ama imekunjwa kwa pasi fungu moja moja kabla ya kupigwa picha, na aghalabu ndani mna nywele za kuongezea. Pemu kwenye singa nzito ya kiunoni haitoki hivyo. Uzito wenyewe unavuta chini. Utosini patabaki pamelala, mikunjo ianze usawa wa sikio au chini yake, na kujaa kuwe huko mwisho. Dawa ya hilo ni mkasi: ukatwe leya, uzito upungue, ndipo nywele za juu zipate nafasi ya kuinuka. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo msusi angekuuliza ni kama uko tayari kukatwa. Hakukuuliza.

Na hata bila mkasi, urefu utapungua, kwa sababu unywele uliojikunja unapanda. Rola nyembamba hutoa mikunjo midogo, na hiyo yaweza kukupandisha kutoka kiunoni mpaka karibu na mabega. Rola nene hutoa mawimbi makubwa, urefu haupotei sana, lakini mawimbi hayo kwenye nywele nzito ndiyo ya kwanza kulegea. Huwezi kupata mikunjo midogo, urefu ule ule, na iliyojaa kuanzia juu, yote matatu kwa pamoja. Chagua mawili, na hata hayo mawili tuombe Mungu.

Nikueleze kinachofanyika saluni, kwa sababu ukikijua utamjua msusi anayefanya kazi na anayebahatisha. Unywele ni keratini, na umbo lake linashikwa na vifungo vya salfa vilivyomo ndani. Dawa ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni thioglaikoleti ya amonia, huvikata vifungo hivyo baada ya nywele kuzungushwa kwenye rola. Unywele unalainika na kulifuata umbo la rola. Dawa ya pili, yenye haidrojeni peroksaidi, huvifunga tena vifungo katika umbo jipya. Ni hayo tu. Rola ndiyo inayoamua ukubwa wa mkunjo, na dawa inaamua kama utashika. Kumwambia msusi aache dawa muda mrefu ili mikunjo iwe midogo ni kujitakia balaa, kwani muda ukizidi unywele unaliwa tu.

Kuna dakika moja ambapo nakushauri ufungue macho. Dawa ikishakaa kidogo, msusi mzuri huchukua rola moja, huifungua mzunguko mmoja na nusu bila kuvuta, kisha husukuma unywele taratibu kuelekea kichwani na kuutazama. Unywele ukijipinda umbo la herufi S iliyo wazi, upana wa rola, dawa imefika. Ukilala, bado. Hufanya hivyo sehemu kadhaa, mbele, utosini na kisogoni, kwa kuwa kichwa kimoja hakiivi kwa wakati mmoja. Singa nene kama yako huchelewa kupokea dawa, magamba ya juu ya unywele yamebana, ndiyo maana wengine huona haijashika wakaongeza nguvu ya dawa badala ya kuongeza subira. Baada ya hapo huosha dawa rola zikiwa bado kichwani, maji ya kutosha, dakika tano na zaidi, halafu hukausha kila rola kwa kuibonyeza na taulo. Hapa ndipo wavivu hujulikana. Maji yakibaki kwenye nywele, dawa ya kufungia inachujuka, vifungo vinafunga nusu, na wiki ya pili mteja anarudi akilia kwamba pemu imetoka. Haikutoka. Haikuingia.

Pamba kuzunguka paji na shingo, na mafuta ya mgando chini yake, nazo si mapambo. Ikilowa dawa ibadilishwe. Nimewaona watu na alama nyekundu nyuma ya masikio kwa sababu pamba iliyolowa iliachwa hapo mpaka mwisho wa kazi.

Mamako ana haki ya kukunja uso. Kalikiti aliyotia ni ndugu wa damu wa pemu unayoitaka. Dawa ni ya jamii ile ile ya thioglaikoleti. Kwa nywele za kipilipili hutangulia krimu ya kuzilegeza, kisha huzungushwa kwenye rola kubwa ili mikunjo midogo ya kuzaliwa iwe mikubwa. Miaka ya 1980 ilikuwa kila mahali, na wenye umri wangu tunakumbuka mito na migongo ya viti ilivyokuwa na mafuta, maana bila kupuliziwa maji na glisirini kila siku nywele zilikauka na kukatika. Pemu ya singa haitaki mafuta kiasi hicho, lakini somo la mamako ni lile lile: kazi haiishi saluni. Mkae naye, mwulize alikuwa akifanya nini kila asubuhi. Utajifunza zaidi kuliko kwa ile picha.

Sasa hina, na hapa ndipo barua yako ilinishtua.

Hina ya nyanya, ile ya majani yaliyosagwa na kukandwa, haina ubaya wowote kwa nywele. Rangi yake hushikana na keratini yenyewe na kuufunika unywele, na ikirudiwa miaka na miaka tabaka linaongezeka. Ndiyo maana singa yako ni nzito na inang'aa. Lakini kwa pemu tabaka hilo ni ukuta. Dawa hupenya mahali pengine na pengine isipenye, ukatoka na kichwa ambacho upande mmoja umejikunja na mwingine umepinda kidogo tu. Na hina haitoki kwa kuosha. Inatoka kwa kukua na kukatwa.

Ile ya pakiti ni jambo jingine kabisa. Hina haina rangi nyeusi. Kinachoifanya iwe nyeusi ama ni mchanganyiko na majani ya indigo, ama ni rangi ya kemikali, yaani ile PPD iliyomo kwenye piko na kwenye dai nyingi za nywele, ama, katika baadhi ya pakiti, ni chumvi za madini. Hizi chumvi za madini ndizo ninazoziogopa. Zikikutana na peroksaidi ya dawa ya kufungia zaweza kupata moto, unywele ukafuka na kukatika papo hapo kichwani. Na pakiti nyingi haziandiki zote zilizomo. Kwa hiyo usiamini maandishi, wala usimwamini muuzaji. Pima.

Kipimo chenyewe ni hiki, na kifanywe na msusi, si wewe jikoni. Utampa nywele chache zilizokatwa kutoka mahali ambapo hina nyeusi ilifika. Azitumbukize kwenye bakuli la kioo lenye peroksaidi ya volyumu 20 na matone 20 ya amonia kwa kila mililita 30 za peroksaidi, aziache nusu saa, akiziangalia. Zikipauka kidogo na kubaki nzima, hakuna madini. Zikitoa povu, zikachemka, zikanuka vibaya, zikabadilika rangi ghafla au zikawa zinakatika ukizivuta, basi hakuna pemu mpaka nywele hizo zikue na zikatwe. Hakuna mjadala hapo, hata ukiambiwa kuna dawa maalumu.

Kipimo cha pili ni cha ngozi. Tone la dawa nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, usubiri siku mbili. Waliokwisha kuwashwa na piko wasikiruke, na wenye kidonda au mikwaruzo kichwani waahirishe mpaka kipone.

Na zile ncha za blichi? Blichi ilishavunja vifungo vyenyewe na kuufungua unywele, kwa hiyo dawa ya pemu itauingia mara moja, wakati nywele zako za juu zenye hina bado hazijaanza kulainika. Msusi akingoja za juu, za chini zimeshaharibika: zitatoka kama nyuzi za katani. Shubiri hiyo ikatwe kabla ya pemu, si baada yake. Najua inauma, lakini utaikata tu, swali ni lini.

Nitaje na jambo moja kwa wasomaji wengine, maana wewe halikuhusu. Aliyewahi kutia dawa kali ya kunyoosha, ile ya haidroksaidi, asitie pemu juu yake. Hiyo haidroksaidi hubadilisha vifungo kwa namna ambayo pemu haiwezi kuvifungua tena, na kinachobaki ni kukatika. Na ukiingia saluni usiseme "nitie dawa" ukanyamaza. Sema wazi kwamba nywele zako zimenyooka na unataka zijikunje, kwani wapo wanaosikia neno dawa wakachukua kopo la kunyooshea.

Uliniuliza kama utaamka, utikise kichwa, uende kazini. La. Hilo ndilo linalowakatisha tamaa wenye singa kuliko lolote, kwa sababu wamezoea nywele zisizodai kitu. Ukilala na nywele za pemu, unaamka upande mmoja umebapa na mwingine umesimama. Kila asubuhi utazinyunyizia maji, utatia krimu nyepesi ya mikunjo, utazifinya kwa viganja kutoka chini kwenda juu, kisha uziache zikauke zenyewe. Chanuo la meno mapana, tena nywele zikiwa zimelowa na zina kondishena. Brashi weka mbali. Ukizipiga brashi zikiwa kavu, mikunjo inatawanyika na unabaki na kichaka. Na hewa yetu ya pwani, yenye unyevu mwaka mzima, itazifurisha hata ukiwa umefanya kila kitu sawa. Kuna siku utazipenda na kuna siku utazifunga. Draya ya mkono nayo ina kichwa chake maalumu kama chujio, cha kusambaza upepo. Bila hicho unazinyoosha bure.

Halafu ushungi. Wewe huvaa kila siku, nami pia. Kofia ya ndani inayobana na kitambaa cha pamba hufanya mambo mawili: hubapa mikunjo ya juu, na hunyonya unyevu ambao nywele za pemu tayari zina uchache wake. Vaa kofia ya satini, bana nywele kwa ulegevu juu ya kisogo, si kwa mpira mwembamba, na usifunike nywele zikiwa mbichi. Lakini jiulize pia, mwanangu: kazi yote hii ya kila asubuhi, ili zikae chini ya kitambaa mpaka jioni? Kama jibu ni kwamba wajipendezea nafsi yako ukiwa nyumbani, ni jibu zuri na linatosha. Kama jibu ni kupamba peke yake, basi miezi ya kazi kwa ajili ya usiku mmoja ni ghali kuliko hizo 12,000.

Siku mbili za mwanzo wasusi husema usioshe, usifunge, usibane. Panga tarehe zako ukijua hivyo, isije ikakuangukia siku ya josho. Ikitokea, josho ni wajibu na pemu si wajibu: mimina maji yafike kwenye ngozi, pasipo shampuu na bila kusugua, kisha kausha kwa kubonyeza. Pemu haiweki utando unaozuia maji, kwa hiyo upande huo usiwe na wasiwasi.

Maji nayo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zinaogea maji ya kisima yenye chumvi. Madini yake hujikusanya kwenye nywele, yakazuia dawa kushika sawasawa, na baada ya pemu huzifanya kavu zaidi. Kabla ya kutiwa, msusi azioshe kwa shampuu ya kuondoa mabaki. Baada ya kutiwa, suuza la mwisho liwe kwa maji matamu, hata ya kununua, jagi moja latosha. Ukiogelea baharini, suuza siku hiyo hiyo.

Pemu hukaa kati ya miezi mitatu na sita. Lakini haitoki kwa pamoja. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, na zinazokua ni singa yako ile ile. Mwezi wa nne utakuwa na vidole kadhaa vya nywele zilizolala juu na mikunjo inayoanza ghafla chini yake, na pale zinapokutana ndipo zinapokatika kwa urahisi. Wengi hukata tamaa hapo, si mwanzoni. Kuzirudisha kwa kuosha haiwezekani. Kuzinyoosha kwa dawa nyingine kunawezekana kwa jina tu. Ni kuvunja mara ya pili unywele uliokwisha kuvunjwa. Asiyependa hungoja na kukata. Na anayependa, akirudia, arudie nywele zilizoota peke yake, zile za zamani zikingwe.

Binamu yako usimkasirikie. Amesema kweli kwa mzaha. Amekaa kwenye viti vya saluni kwa miaka akiunguzwa ngozi ili apate kinachokuchosha wewe, na pengine ndiye atakayekufundisha kuzishika nywele za kujikunja kuliko mimi. Mwombe.

Basi ya kupamba tufanyeje? Singa yako haishiki kwa pasi kwa sababu unaikunja ikiwa imejaa kondishena, unaiachia ikiwa moto, halafu unaipitisha kwenye hewa ya Mombasa ya jioni. Mkunjo wa joto hushikwa na vifungo vyepesi ambavyo unyevu huvifungua. Kwa hiyo: siku hiyo asubuhi osha kwa shampuu, kondishena ncha tu. Zikiwa nusu kavu, tia losheni ya kusetia, zungusha kwenye rola fungu dogo dogo, zile zilizo nyembamba kidogo kuliko mikunjo unayoitaka, maana zitalegea. Kaa chini ya draya mpaka zikauke kabisa, sio karibu. Kisha usifungue. Ziache zipoe, funga kitambaa cha satini juu ya rola, vaa buibui lako, uende nazo hivyo hivyo. Rola zifunguliwe ukumbini, kwenye chumba cha kujitengenezea, nusu saa kabla ya bibi harusi kutolewa. Pasua kwa vidole, piga sprei, basi. Ukitaka ujazo, ongezea nywele za vibanio zilizokwisha kukunjwa. Hakuna atakayeuliza.

Baada ya harusi, ukiona bado unaitaka pemu, fuata utaratibu: acha hina, acha pakiti, kata ncha, fanya vipimo vyote viwili, na umwombe msusi azungushe fungu moja tu la nywele za kisogoni alipitishe hatua zote. Ukalitazama wiki mbili. Nenda kwa mwingine, si yule. Mtu anayeziona nywele za kiunoni zenye ncha za rangi ya asali na asiulize zimepitia nini, simwekei kichwa cha mwanangu. Mpya huyo mwulize ana rola za ukubwa gani, ameshatia pemu singa ngapi mwaka huu, na akuonyeshe picha za nywele zilizokauka, si zilizolowa. Nywele zikilowa kila pemu inapendeza.

Na ile arubuni ya 3,000 usiiache ipotee. Mwendee leo, mwambie umebadilisha, akufanyie kwa pesa hizo rola na draya asubuhi ya kupamba. Akikataa, mwombe walau nusu.